Bustani ya Vipepeo ya Gede: uje msimu gani, saa ngapi, na utazame nini

Watu wengi huingia bustani ya vipepeo ya Gede, pwani ya Kenya, saa saba mchana, wametoka kuzunguka magofu na jasho linawatiririka. Wanapiga picha tatu, wanauliza choo kiko wapi, na baada ya dakika kumi washatoka. Nje utawasikia wakiambiana, "Vipepeo wenyewe wachache." Kauli hiyo huniuma kila niisikiapo, maana katika banda lile lile, asubuhi hiyo hiyo kabla yao, kipepeo alikuwa akitoka katika ganda lake mbele ya mtu aliyekaa tu akatulia.

Kutoka kwangu hadi Gede ni matatu moja. Nimewapeleka pale watoto wa kaka yangu, wageni wa harusi na majirani waliokaa Kilifi miaka ishirini bila kufika. Haya ndiyo ninayowaambia kabla hatujapanda gari.

Jua kwanza unaingia kwa nani

Bustani hii ni ya Mradi wa Kipepeo, nao ni mradi wa wanakijiji. Ulianza mwaka 1993, mwanasayansi Ian Gordon akiwa mwanzilishi wake, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wazo lilikuwa hili: watu wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wengi wao Wagiriama, walikuwa wakipata hasara tu kutokana na msitu. Ndovu wanavunja mihindi, nyani wanang'oa mihogo, na ukiingia na panga unakamatwa. Je, msitu ule ule ukiwalipa, bila mti kuanguka?

Kilicholipa ni pupa, ule mfuko mgumu ambamo kiwavi hugeuka kuwa kipepeo. Wafugaji huzalisha pupa mashambani mwao, mradi huzinunua, huzifungia katika pamba na kuzisafirisha kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, ambako vipepeo hutokea wakiwa tayari ughaibuni. Kwa hiyo bustani unayoiona Gede ni dirisha dogo la kazi inayofanyika vijijini kuzunguka msitu wote. Ukiingia ukijua hivyo, utauliza maswali tofauti kabisa.

Msitu wenyewe una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki kikiwa kimoja cha misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Aina za vipepeo wake zinapita 200.

Chagua msimu

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu wanapanga safari kwa kufuata likizo za shule badala ya mvua. Kipepeo hufuata majani mabichi, na majani mabichi hufuata mvua.

*Masika na baada yake.* Mvua kubwa za pwani huanza Aprili au mwisho wa Machi, na Mei ndio mwezi wa mafuriko. Wakati mvua inanyesha hutaona kitu cha maana. Vipepeo wamejibanza chini ya majani. Lakini hesabu wiki chache baada ya mvua kushika. Mayai yameshatagwa, viwavi wameshashiba machipukizi, na kuanzia mwisho wa Mei hadi Julai msitu na bustani vinajaa. Kama una nafasi ya kuja mara moja tu kwa mwaka, njoo Juni. Angalia pia vidimbwi vya matope kando ya njia: madume hukusanyika pale wakifyonza chumvichumvi, wakati mwingine kumi kwa pamoja, na wakiwa katika shughuli hiyo wanakuachia uwakaribie kuliko saa nyingine yoyote.

*Kipupwe.* Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma na asubuhi huwa na mawingu. Kipepeo hana joto lake mwenyewe. Anasubiri jua limchemshe ndipo aruke. Miezi hii usifike saa mbili. Fika saa nne.

Miezi hiyo hiyo kuna mgeni mwingine. Chini ya miti ya magofu ya Gede hutua ndege mmoja mdogo, mgongo wa kahawia na kifua cheupe chenye madoa meusi, ajulikanaye kwa wanasayansi kama Geokichla guttata. Anakuja kutoka kusini, anakaa takriban Aprili hadi Oktoba, na kazi yake ni kupekua majani makavu chini ya miti. Simama, sikiliza majani yanapochakarika. Mara nyingi atakuwa kima au mjusi. Siku moja atakuwa yeye.

*Vuli.* Mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba huleta neema ya pili, fupi kuliko ya masika. Novemba na Desemba tazama vipepeo weupe na wa manjano wanaosafiri kwa makundi, wote wakielekea upande mmoja kama watu wanaowahi feri Likoni. Hao hawasimami bustanini; wanapita juu ya barabara, juu ya paa, juu ya minazi.

*Kiangazi cha kaskazi.* Januari hadi Machi ni joto na ukavu, na msitu hupungua rangi. Usiivunje safari lakini, badili tu unachotafuta. Huu ni wakati wa maembe, na yale yanayoanguka na kuchacha chini ya mti ndiyo karamu ya jamii ya Charaxes, vipepeo wakubwa wenye nguvu ambao hawajali maua. Chakula chao ni matunda yaliyooza, utomvu wa miti, na hata kinyesi cha wanyama. Kwenye banda la wavu utaona sahani ya ndizi zilizochacha imewekwa kwa ajili yao. Inama pale. Wameshalewa kwa utamu na hawana haraka.

Siku yenyewe: saa na vifaa

Kutoka Mombasa au Malindi panda matatu ya barabara kuu, shuka njia panda ya Gede, kisha bodaboda au tuktuk hadi lango la magofu. Bustani iko hapo hapo. Weka pesa ya kiingilio kwenye simu. Ukiweza, tembelea bustani kwanza na magofu baadaye. Kuta za mji ule wa Waswahili, uliohamwa karne ya 17 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2024, hazitaruka kwenda popote, na kivuli cha miti yake ni kizuri mchana.

Saa bora ni kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi. Kabla ya hapo wengi bado wanaota jua mbawa zikiwa wazi, jambo zuri kwa mpiga picha. Baada ya saa sita wanatafuta kivuli.

Jambo moja nalisisitiza hata kwa wazee ninaowaheshimu: usijipake dawa ya mbu mikononi kabla ya kuingia. Dawa inayomfukuza mbu inaweza kumdhuru kipepeo atakayekutua, na kiwavi hata zaidi. Vaa mikono mirefu badala yake. Manukato makali pia yaache nyumbani.

Ndani ya banda

Ukipita mlango wa kwanza, ufunge kabla ya kufungua wa pili. Kisha usitembee. Simama dakika mbili ukitazama chini, kwa sababu vipepeo hukaa njiani na kiatu hakina macho. Halafu tafuta mahali penye maua na jua, ukae.

Usimshike mbawa. Ule unga unaobaki vidoleni ni magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Ndiyo rangi yake, na yakitoka hayarudi. Ukitaka akutue, tulia tu. Jasho lako lina chumvi anayoipenda.

Wapo wawili nakuomba uwatafute.

Wa kwanza ni Papilio dardanus. Dume ni wa rangi ya samli, mwenye mkia kila ubawa wa nyuma, hutamkosa. Kazi ni kumpata jike wake. Jike hana mkia na hafanani naye hata kidogo: mmoja ni mweusi mwenye mabaka meupe, mwingine rangi ya chungwa yenye ncha nyeusi. Kila mmoja anaiga sura ya kipepeo wa jamii nyingine mwenye sumu, ili ndege wakimwona wamwache. Muulize mwongozaji akuonyeshe jike na yule anayeigwa. Nilipooneshwa mara ya kwanza nilirudi nyumbani nimejaa jambo hilo kifuani, nikamsimulia kila aliyekubali kukaa.

Wa pili ni Euphaedra neophron, wa vichakani, mweusi wa kuingia zambarau na buluu, mwenye ukanda wa dhahabu begani. Huruka chini chini, karibu na goti. Msituni utamkuta akikutangulia kwenye kijia, anatua, unakaribia, anasogea tena.

Mahali pa kukaa muda mrefu: pupa

Tafuta pupa zilipotundikwa. Neno hili limetuangukia sisi Waswahili kwa namna ya ajabu: kwetu pupa ni haraka ya mwenye tamaa, na hapa unatazama kiumbe anayening'inia wiki moja hadi tatu bila kusogea. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mahali hapa methali hiyo ni maelekezo ya kazi.

Tafuta ile iliyobadilika rangi. Ganda likianza kupitisha mwanga, ukaona michoro ya mbawa ndani kama picha nyuma ya karatasi ya mafuta, kipepeo atatoka karibuni, mara nyingi asubuhi.

Nilikuwa na Rehema, binti wa kaka yangu, ana miaka saba, tulipoiona moja imepasuka. Alitoka kichwa kwanza, miguu ikipapasa, kisha tumbo nene, na mgongoni vitambaa viwili vidogo vilivyokunjamana kama leso iliyokamuliwa.

"Shangazi, huyu amezaliwa vibaya," akaninong'oneza.

"Ngoja, mwanangu."

Kipepeo akapanda juu ya ganda lake tupu, akaning'inia mgongo chini, akaanza kusukuma. Maji ya mwili yaliingia katika mishipa ya mbawa na zile leso zikaanza kunyooka, kwanza mashina, halafu kingo. Robo saa haikwisha zilikuwa kamili. Mdomoni alikuwa na nyuzi mbili, akizikunja na kuzikunjua. Mrija wake wa kunyonyea hutoka ukiwa vipande viwili, na lazima auunganishe mwenyewe kabla haujakauka. Akishindwa, hatakula kamwe. Kisha likadondoka tone jekundu na Rehema akanishika mkono akidhani ni damu. Siyo, ni taka iliyobaki tangu alipokuwa ndani. Mwambie mtoto mapema.

Hiyo ni saa moja. Ipangie saa moja. Na usimsaidie kutoka hata kama anaonekana anateseka: ukilipasua ganda kwa kucha, huenda mbawa zisijae.

Zungumza na mfugaji

Mwongozaji mara nyingi anawajua wafugaji, au ni mmoja wao. Muulize mtego unavyofanya kazi: ni mfuko mrefu wa chandarua ulioning'inizwa mtini, chini yake sahani ya ndizi iliyochacha. Kipepeo anakula, akiruka anakwenda juu, na njia imeziba. Majike wachache huwekwa katika kizimba pamoja na mmea ambao viwavi wao wanaula. Wakitaga, mayai huokotwa, viwavi hulelewa kwenye tawi lililofungwa mfuko wa wavu ili siafu, nyigu, vunjajungu na mijusi wasiwafikie. Majani yakiisha tawi hili, wanahamishwa lile.

Kila aina ina majani yake, na haikubali mengine. Hapo ndipo mfugaji na msitu wanapofungana. Miti ya msituni ikikatwa yote, jike hana pa kutaga, mtego unabaki mtupu. Mimi naona hili ndilo somo zuri kuliko mabango yote ya "Tunza Mazingira" niliyowahi kuyasoma, kwa sababu limekaa mfukoni mwa mtu.

Uliza pia habari za soko, na usikilize. Mwaka 2016 Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, wafugaji wa vipepeo wa Amani, Usambara Mashariki, walipoteza wanunuzi ghafla. Mwaka 2020, korona ilipofunga nyumba za maonyesho Ulaya, wafugaji wa huku nao walibaki na pupa mkononi, na pupa haisubiri. Ikifika siku yake inatoboka. Ndiyo maana mgeni wa ndani, wewe wa Kongowea au Mtwapa, una uzito wako. Kiingilio chako hakihitaji ndege. Ukitoka, nunua asali ya msituni ukiikuta, na umlipe mwongozaji vizuri.

Walio Unguja wanaweza kufanya haya yote Pete, karibu na msitu wa Jozani, kwenye bustani ya vipepeo ya wanakijiji iliyozungushiwa wavu. Siku moja inatosha kwa bustani na kima punju, wale kima wekundu wa Unguja.

Ukibaki na nusu siku

Magofuni kuna kima waliozoea watu. Usiwalishe, ficha ndizi zako.

Ukitaka sange mwenye kiuno cha dhahabu, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga na miguu myembamba, lala Gede au Watamu na uingie msituni alfajiri kupitia kituo cha msitu cha Gede, barabara kuu, ukiwa na mwongozaji. Sehemu kubwa ya sange hao waliosalia duniani wako katika msitu huu. Utamsikia kabla ya kumwona: majani yanachakarika, kimya, yanachakarika tena. Na kati ya Septemba na Aprili, maji yakipwa, hori ya Mida iliyo jirani hujaa ndege wa ufukweni waliokimbia baridi ya kaskazini.

Kisha uanze yako nyumbani

Huhitaji banda wala wavu. Unahitaji mimea ya aina mbili, na wengi hupanda moja tu.

Ya kwanza ni maua ya asali kwa wakubwa: pentasi, iksora, zinia. Watu watakushauri lantana kwa kuwa vipepeo wanaipenda kweli. Usipande. Inatambaa, inavamia mashamba na malisho, na kuing'oa ni kazi ya miaka.

Ya pili ni majani kwa viwavi, na hapa lazima ukubali kitu kimoja: majani yataliwa. Mndimu au mlimau hata ndani ya ndoo kuukuu utakuletea Papilio demodocus, mweusi mwenye mabaka ya manjano. Mstafeli na mtopetope huwavuta wale wembamba wa jamii ya Graphium. Mwingajini, ambao watu huufyeka kama gugu, ni kitanda cha vipepeo weupe-manjano wa safari.

Anza na mndimu. Geuza majani machanga utafute mayai madogo ya manjano, moja moja. Siku chache baadaye utaona kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe. Usikifute: ndiye kiwavi, na ndege naye amedanganyika hivyo hivyo. Akikua anageuka kijani. Mguse taratibu kwa kijiti na nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali ya ndimu iliyooza itakupiga puani. Watoto wa mtaani kwangu wanamwita "bwana harufu". Kwa joto la pwani anakula takriban wiki tatu, kisha anajifunga kwenye kijiti kwa uzi mmoja kiunoni. Ukitaka awe salama, mfunge tawi lake mfuko wa chandarua kizee kisicho na dawa.

Neno dawa nimelilipia. Nilinunua miche miwili mizuri ya ndimu kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, na viwavi kumi na wawili niliowahamishia walikufa kwa siku mbili, wamejikunja majanini. Miche ilikuwa imepuliziwa. Tangu siku hiyo naotesha mbegu mwenyewe, na mche wa kununua naukalisha pembeni hadi uote majani mapya kabisa kabla sijaruhusu kiumbe aukaribie.

Ongeza kisahani kipana chenye mchanga, maji na chumvi kidogo sana, ukiweke juani. Na msimu wa maembe, lile bovu ambalo ungelitupa, lipasue uliweke juu ya ukuta kwenye kivuli, mahali siafu hawafiki haraka. Siku ya pili au ya tatu, likianza kunuka pombe, toka na chai yako saa nne asubuhi ukae mbali kidogo. Wa kwanza kufika kwangu mwaka huu alikuwa Charaxes wa rangi ya udongo mwekundu, mbawa zimefungwa kama jani kavu. Alikula hadi saa sita.